Refa, Huo Mpira Umeukagua?

Wasee, leo sina mzaha. Wale mnanifuata kitambo mnakumbuka video moja niliweka mwaka jana, sekunde kumi na mbili tu, ya kipa mdogo wa Hulugho akifungwa goli la ajabu. Mpira unakuja polepole, yeye anainama kuuchukua, halafu unaruka pembeni kama panya aliyeona paka. Goli. Niliandika juu yake: "Geti wazi, karibuni nyote." Mkacheka. Nikacheka. Ile video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Ile video nimeifuta, na nataka kuwaambia kwa nini. Nikimaliza nitawaomba kitu kimoja tu.

Mnajua kwetu Hulugho. Wale hamjui: ni huko ndani kabisa ya Garissa, upande wa Ijara, ukisonga mbele kidogo unagusa mpaka wa Somalia. Kuna jua, mchanga, migunga yenye miba mirefu kama sindano ya cherehani, na mbuzi wanaokatiza uwanja bila kumuuliza refa. Mechi za vijana tunacheza baada ya swala ya alasiri, na lazima ziishe kabla ya magharibi, kwa sababu hakuna taa na hakuna mzazi anayetaka mtoto wake awe nje giza likiingia. Huo ndio muda wetu. Ukiupoteza kwa ubishi, mechi imekufa.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya watoto wa chini ya miaka 15. Mpira ulikuwa mmoja. Sisemi mipira miwili na mmoja wa akiba, hapana. Mmoja. Kufika nusu ya pili, nyuzi zilikuwa zimefumuka sehemu moja, na blada, ule mpira wa ndani, ikaanza kusukuma nje. Ukauona uvimbe, saizi ya ndimu. Ukiupiga kawaida unaenda sawa. Ukidunda kwa ule uvimbe, hata mpigaji hajui utaelekea wapi.

Watoto walimwambia refa. Mara mbili. Mimi nilikuwa kwa laini na simu yangu, nikasikia kwa masikio yangu. Nahodha alimfuata akasema, "Adeer, mpira una uvimbe, angalia." Refa akaushika, akaubonyeza kwa kidole gumba, akautupa chini. "Chezeni tu, muda unaenda."

Kama dakika kumi baadaye, mpira ukadunda kwa uvimbe mbele ya yule kipa. Yaliyobaki mnayajua, mliyaona kwa simu zenu.

Mechi iliisha 1-0. Watoto wadogo wakaingia uwanjani kucheza na ule mpira, na haukumaliza dakika tano. Ukapasuka. Nilikuwa nao pale, na bado nilienda nyumbani nikaiweka ile video.

Wiki kadhaa zilipita. Nikauliza yule kijana yuko wapi, siku hizi simwoni uwanjani. Nikaambiwa ameacha. Shuleni walikuwa wanamuita Geti. Sikumpa mimi hilo jina moja kwa moja, lakini lilitoka wapi kama si kwangu? Nikaifungua ile video, nikaiangalia polepole, picha baada ya picha. Uvimbe unaonekana. Mpira unadunda mara ya kwanza vizuri, mara ya pili unadunda kwa uvimbe, na mikono ya kijana ilikuwa mahali sahihi kabisa. Alifanya kila kitu kipa anafunzwa kufanya. Aliyekosea si yeye.

Nilienda kwao kumuomba msamaha. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulikuwa karibu. Si uliuona mpira?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuongee kuhusu marefa, kwa sababu naona watu wengi hawajui sheria inasema nini, na nashuku baadhi ya marefa wetu wa mitaani pia hawajui.

Sheria za soka ziko kumi na saba. Ya kwanza ni ya uwanja. Ya pili ni ya mpira. Wachezaji wanakuja baada ya hapo, na refa mwenyewe ni sheria ya tano. Yaani kabla sheria haijasema nani anacheza, imeshasema anacheza na nini. Mpira wa kawaida, ule wa saizi ya 5, uwe duara, mzunguko wake sentimita 68 hadi 70, uzito wake mechi ikianza gramu 410 hadi 450, na upepo wa ndani kati ya 0.6 na 1.1 ya kipimo cha hewa, ambayo ni kama 8.5 hadi 15.6 kwa ile geji ya psi ambayo fundi wa tairi anatumia.

Na ukiharibika katikati ya mchezo? Sheria haimwambii refa aubonyeze kwa kidole gumba. Inamwambia asimamishe mchezo, mpira ubadilishwe, aanze tena kwa kudondosha mpira. Ukiharibika wakati wa kuanzisha, kona, frikiki, penalti au mpira wa kurusha, kitendo kinarudiwa. Penalti ikipigwa, mpira ukaharibika ukiwa njiani kabla haujagusa mchezaji au mwamba, inapigwa tena. Na hakuna mtu anaruhusiwa kubadilisha mpira bila ruhusa ya refa. Kwa hiyo yule nahodha alifanya sawa: hakuuchukua mpira akautupa nje, alimfuata mwenye mamlaka. Mwenye mamlaka ndiye aliyelala.

Najua mtakachosema. Nimeshasikia tayari: "Wewe unaongea kama uko Ulaya. Hulugho hakuna mpira wa pili. Refa akikataa huo, watoto wanarudi nyumbani bila kucheza. Sasa umesaidia nani?"

Hiyo hoja ni ya ukweli, na siwezi kuipita juu juu. Mpira mpya kwetu si kitu cha kuvuka barabara ukanunue. Ni mpaka mtu aende Garissa mjini, na mvua ikinyesha barabara inakatika, hata mtu haendi. Miba inatoboa mipira kila wiki. Na refa mwenyewe mara nyingi hajalipwa kitu, amekuja na viatu vyake na filimbi yake. Mimi simtukani. Ninamuheshimu kuliko wale wanaokuja siku ya fainali kupiga picha na kombe.

Lakini angalieni vizuri, hoja hiyo inajibu swali ambalo sikuuliza. Mimi sisemi mpira mbovu usichezwe kamwe. Sote tumecheza mpira wa makaratasi na kamba, na wengine wetu tulijifunza chenga hapo. Ninachosema ni kwamba mpira wenye kasoro inayojulikana ni tofauti na mpira wenye kasoro inayofichwa. Refa akiita manahodha wawili kabla ya mechi, akawaonyesha, akasema, "Mpira ni huu, umechoka, hakuna mwingine, tunacheza nao na mkiona umezidi kuharibika nitasimamisha," hiyo ni haki. Timu zote zinajua. Kipa anajua asubiri mpira kwa kifua, si kwa mikono. Benchi linajua. Na mimi mwenye simu najua, siwezi kusingizia sikujua.

Kuharibika kukianza katikati ya mchezo, na watoto wakasema, na refa akanyamaza, hapo amechagua upande. Hata kama hakukusudia.

Na sheria zenyewe hazitubani kama watu wanavyodhani. Zinasema wazi kwamba kwa soka ya vijana na ya mitaani, ukubwa wa mpira, uzito wake na kile umetengenezwa nacho vinaweza kubadilishwa. Watoto wadogo wanaweza kucheza na saizi ya 4, sentimita 63.5 hadi 66, gramu 350 hadi 390. Muda wa mechi unaweza kupunguzwa. Kwa hiyo refa hana sababu ya kusema "ni huu ama hakuna mechi". Ana nafasi ya kukubaliana na timu mapema. Anachokosa ni ile tabia ya kukagua.

Hili jambo si letu peke yetu. Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, Montevideo, 30 Julai 1930, Uruguay na Argentina waligombana kuhusu mpira. Kila mmoja alitaka wake. Refa alikuwa Mbelgiji, John Langenus. Uamuzi? Nusu ya kwanza mpira wa Argentina, nusu ya pili mpira wa Uruguay. Argentina waliongoza 2-1 wakienda mapumziko. Uruguay wakashinda 4-2. Unaweza kubishana mpaka kesho kama mpira ulichangia, lakini hakuna mtu anaweza kusema hakujua walikuwa wanacheza na nini. Hilo tu ndilo naliomba.

Mnadhani Wembley mpira haupasuki? Fainali ya Kombe la FA mwaka 1946, Derby na Charlton, mpira ulipasuka katikati ya mechi. Mwaka uliofuata, 1947, Charlton na Burnley, ukapasuka tena. Vita Kuu ilikuwa imeisha juzi, hata wao walikuwa na uhaba wa vitu. Kwa hiyo mpira kuharibika si aibu ya Hulugho. Aibu ni kuona umeharibika na kusema chezeni tu.

Na kuna mchezo mwingine umetufundisha kwa damu. Kwa besiboli na dada yake softiboli, refa anayesimama nyuma ya mdakaji ndiye anakaa na mipira kwenye mfuko kiunoni. Mpira ukichubuka au ukichafuka, anautoa na kuweka mwingine. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1920 huko Marekani, wenye timu walikuwa wakilalamika kwamba marefa wanatoa mipira mingi sana, pesa zinaenda bure. Marefa wakaambiwa wapunguze. Tarehe 16 Agosti mwaka huo huo, mchezaji wa Cleveland anaitwa Ray Chapman alipigwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays wa New York Yankees. Mpira wa siku hizo ulikuwa umechafuliwa, mweusi mweusi, ngumu kuuona. Chapman alifariki siku iliyofuata. Baada ya hapo ndipo marefa wakaamriwa wahakikishe mpira ni safi na unaonekana. Mtu alilazimika kufa ndipo bei ya mpira ikaonekana ni ndogo.

Mimi sisemi kwetu kuna mtu atakufa kwa uvimbe wa saizi ya ndimu. Nasema kijana wa miaka 14 aliacha mchezo aliokuwa anaupenda. Na kwetu mchezo si kitu cha kupitisha muda tu. Nyinyi mlio Garissa mjini, Eastleigh, Mombasa, mna mambo mengi jioni. Hulugho kijana akitoka uwanjani, anaenda wapi? Mnajua vizuri ni kina nani wanaotafuta vijana wasio na pa kwenda. Sitalirefusha hilo. Nimelitaja ili mjue kwamba kumpoteza kipa mmoja si jambo dogo.

Sasa tufanye nini? Nimefikiria vitu ambavyo vinawezekana Hulugho, si vitu vya kungoja serikali.

Kwanza, futikamba. Kila fundi cherehani sokoni anayo. Zungusha kwenye mpira, sehemu mbili tofauti. Kama huku ni sentimita 69 na huku ni 72, huo si duara tena. Inachukua nusu dakika.

Pili, mizani. Duka linalopima sukari linaweza kupima mpira. Gramu 410 hadi 450. Mpira wa ngozi uliolala kwa maji baada ya mvua unazidi hapo, na mtoto akiupiga kichwa atakuambia.

Tatu, upepo. Fundi wa bodaboda ana pampu, na wengi wana geji. Hakuna geji? Angusha mpira kutoka juu kidogo ya kichwa chako, kwenye sakafu ya simiti, si kwa mchanga. Kwenye vipimo vya FIFA mpira unaoangushwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma unatakiwa kupaa zaidi ya mita moja na robo. Kwa hiyo wako ukirudi mpaka magotini tu, umekufa huo. Na jamani, msiuache juani mchana kutwa. Hewa ikipata joto inapanuka, nyuzi zinavutika, na ndiyo sababu mipira yetu inafumuka haraka. Uweke kivulini, na jaza upepo karibu na wakati wa mechi.

Nne, kila timu ije na mpira wake. Hata kama umechoka. Refa achague bora kati ya miwili mbele ya manahodha, na wa pili ubaki kwa laini. Uamuzi usikae na tajiri aliyeleta mpira. Tumeona sana mwenye mpira anatisha kuondoka nao timu yake ikifungwa. Mpira ukiingia uwanjani, mwenye nao ni refa mpaka filimbi ya mwisho.

Tano, na hii ni ya waandaaji: punguzeni fulana. Mechi nyingi za vijana unakuta kuna fulana ishirini na mbili mpya zenye sura ya mheshimiwa kifuani, kombe refu kama mtoto wa darasa la kwanza, spika mbili kubwa, halafu mpira mmoja mzee. Maze, hiyo hesabu ni ya wapi? Nairobi kuna watu wanaoitwa Alive & Kicking, tangu 2004 wanashona mipira ya ngozi migumu kwa ajili ya viwanja vya Afrika kama vyetu. Kuna pia ule unaoitwa One World Futbol, wa povu gumu, hauhitaji pampu na mwiba ukiuchoma haufi. Aliyeubuni, Tim Jahnigen, alipata wazo akiona watoto wa Darfur wakicheza na mpira wa takataka. Haudundi sawasawa kabisa na wa kawaida, lakini nimeshawaambia, kwa vijana sheria inaruhusu. Bei ya zile fulana ingenunua mipira mingapi? Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa marefa wangu. Adeer zangu, kaka zangu. Najua mkisimamisha mechi watu wanapiga kelele. Najua jua linazama na mna hofu ya kulaumiwa mechi isipoisha. Lakini mnakumbuka Omar Artan? Msomali, ametoka Somalia hapo jirani, mahali ambapo uwanja wenyewe uliwahi kuwa uwanja wa vita. Januari 2024 akachezesha AFCON kule Ivory Coast, refa wa kwanza kutoka nchi yake kufika hapo. Sidhani alifika kwa kusema chezeni tu. Mtoto akikuambia "adeer, mpira una uvimbe", amekuamini. Sekunde thelathini za kusimama na kuangalia vizuri hazitaileta magharibi mapema. Na kama hakuna mpira mwingine, sema hivyo kwa sauti, kila mtu asikie, halafu endeleeni. Mtoto atacheza. Hatabeba mzigo wa mpira.

Mimi pia nina sehemu yangu. Wakati nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa refa wa pili bila kujua. Uamuzi wangu ulifika kwa watu wengi kuliko filimbi ya yule wa kwanza, na sikukagua kitu. Nikaona goli la kuchekesha, nikapeleka. Kwa hiyo siwezi kumnyooshea refa kidole nikiuficha wangu. Ile video nimeifuta, lakini najua wengine wenu mliihifadhi. Tafadhali ifuteni. Hilo ndilo ombi nililowaambia mwanzoni.

Yule kijana nimemwomba arudi. Hajasema ndiyo. Amesema atakuja kutazama mechi ijayo, asimame nje tu. Nimemwambia nitakuja na futikamba, na nitampa yeye apime mpira mbele ya manahodha wote wawili kabla mechi haijaanza. Refa amekubali. Ndiyo, ni yule yule. Nilienda kuongea naye pia, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema leta hiyo kamba.

Kwa hiyo, popote ulipo, Hulugho, Masalani, Garissa mjini, South C, popote: wikendi hii ukienda kutazama watoto wakicheza, kabla ya filimbi, muulize refa kwa heshima. Huo mpira umeukagua?

Tuonane kiwanjani.